Albamu ya Kutu Yapigwa Sebuleni kwa Mama

Katika mji wa Enschede walikuwapo watu kama mia mbili hivi waliosubiri albamu ya Wessel Nijhof kwa miaka kumi na saba. Wengi wao walikuwa wanaume walioanza kuota vipara chini ya kofia zao, na hawakuwa na jambo lingine la maana la kusubiri. Wessel mwenyewe aliwadharau wote. Mtu anayesubiri miaka yote hiyo, alisema, hana kazi.

Jina lake la jukwaani lilikuwa Kutu. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili alichana mistari kumi na sita katika wimbo wa kundi lake, Zamu ya Pili. Walijiita hivyo kwa sababu babu zao walifanya kazi zamu ya pili katika viwanda vya nguo, ingawa wao wenyewe hakuna aliyewahi kuamka mapema kwa ajili ya zamu yoyote. Tuseme ukweli: ile mistari kumi na sita ilikuwa moto. Bahati mbaya ni kwamba hata yeye aliisikia.

Tangu siku hiyo kichwa kikavimba na hakikupungua tena. Mchana alitengeneza baiskeli katika duka la karibu na stesheni, akiwabenulia midomo wateja waliopasua tairi. Jioni alijifungia na kipaza sauti. Aliwadharau wanarap wanaoimba viitikio. Aliwadharau wanaoshukuru mashabiki, wanaotoka Amsterdam, na wanaotikisa mikono wakichana kama wanafukuza nyuki. Kila vuli alitangaza kwamba albamu yake ya kwanza, ya peke yake, bila mgeni hata mmoja, iko njiani, na kila masika akaipiga danadana. Mwaka mmoja ngoma zilisikika safi mno. Mwaka mwingine kijana mmoja aliyeusikia wimbo wa tatu ukijaribiwa dukani alimsimamisha barabarani akamwambia ameupenda sana, na Wessel akarudi nyumbani akaufuta.

Lakini mtu aliyemdharau kuliko wote alikuwa Jelle Bruins. Walianza pamoja Zamu ya Pili, wakigawana kipaza sauti kimoja na pakiti moja ya chipsi. Kisha Jelle, asiye na haya, akatoa wimbo kuhusu kuchoma nyama bustanini. Kiangazi kizima nchi nzima iliuimba, hata bibi wa Wessel aliucheza huku ameshikilia meza. Wessel alivunjika moyo, na kwa kuwa hakujua namna ya kuvunjika moyo, akachukia. Albamu yake ilikuwa na nyimbo kumi na nne, na tisa kati yake zilimchana Jelle, bila jina, kwa kumwita Mchoma Nyama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake: siku moja Jelle akae, asikie, anyong'onyee.

Jelle naye alikuwa ameshaachana na muziki zamani. Wimbo ulikufa na kiangazi chake, akawa mwalimu wa kuwafundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la mtaa, akahamia nyumba ya pili kutoka kwa mama yake Wessel, akawa anampunguzia ua wake wa miti kila mwezi. Wessel alilijua hilo, ila hakutaka kulitia akilini. Huwezi kutumia miaka kumi na saba kumsaga mtu anayempunguzia mama yako miti.

Hatimaye albamu ikatoka. Santuri mia tatu zikafika dukani siku ya Alhamisi, katika maboksi, zikawekwa juu ya tyubu za baiskeli. Jumapili iliyofuata mama yake, Bi Gerda, alikuwa anatimiza miaka sabini. Wessel alikumbuka siku yenyewe lakini akasahau zawadi, na saa nane mchana, Jumapili, na maduka yamefungwa, akachomoa santuri moja, akaifunga kwa gazeti, akaenda nayo. Mwanamume wa karibu miaka arobaini, anampelekea mama yake matusi kwa siku ya kuzaliwa.

Viti vilikuwa vimepangwa duara sebuleni kama ilivyo ada, magoti kwa magoti, na kila aliyeingia alizunguka kumpa mkono kila aliyekaa na kumpongeza kwa ajili ya mwenye siku, ndiyo desturi ya huko. Hongera kwa mama yako. Hongera kwa dada yako. Hongera kwa jirani yako. Wessel alizunguka akinung'unika, na kwenye kiti cha sita, chini ya saa ya ukutani, akakutana na mkono wa Jelle.

"Hongera kwa mama yako, Wessel."

"Na wewe. Hongera kwa jirani yako," akasema Wessel, akitazama zulia.

Kahawa ikamiminwa. Kila mtu akapewa kipande chake kimoja cha keki ya tufaha. Mama akalifungua lile gazeti la zawadi.

"Jamani! Mwanangu katoa santuri! Miaka kumi na saba, hata tembo hachukui mimba hivyo!"

"Usiipige sasa hivi, Mama," Wessel akasema haraka. "Utasikiliza baadaye, ukiwa peke yako."

"Peke yangu nisikilize nini? Kaa, ule keki yako."

Akaiweka kwenye gramafoni ya marehemu mumewe. Mdundo ukatoka, mzito, mchafu, kama alivyoutaka, na vijiko vikaanza kutetemeka katika visahani. Kisha sauti yake mwenyewe ikaingia. Ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka. Pale sebuleni, kati ya maua ya plastiki na picha za ubatizo, ilisikika kama mtu anayegombana na choo kilichoziba.

Mchoma Nyama ameuza ulimi wake, alisema Wessel wa kwenye santuri. Mchoma Nyama ni povu. Mchoma Nyama, nitakutaja mbele ya watu, sijifichi, mimi ni Kutu, nala chuma.

Mjomba Bertus alitikisa kichwa taratibu, mdomo umejaa. Jelle alikuwa amekaa wima, sahani gotini, uma umesimama hewani. Alisikiliza kwa makini kuliko wote, na Wessel alimwona.

Wimbo wa pili, Mchoma Nyama. Wa tatu, Mchoma Nyama. Shangazi Hennie, ambaye hajawahi kuvumilia kutojua jambo, akaweka kikombe chini.

"We Wessel, hebu niambie. Huyo unayemsema hivyo ni nani?"

Duara lote likamgeukia. Hakuna jukwaa lolote duniani ambalo lingempa nafasi kama ile. Jelle alikuwa hatua moja mbele yake, hana pa kukimbilia, magoti ya Shangazi kulia na ya Mjomba kushoto. Wessel hakuhitaji hata mstari. Kidole kimoja kingetosha. Akafungua mdomo, shujaa wetu mla chuma, na masikio yakamwaka moto.

"Hakuna mtu, Shangazi," akasema. "Ni mambo ya kubuni tu. Ya kisanii."

"Afadhali," akasema Shangazi. "Maana ningemhurumia. Gerda, kahawa bado ipo?"

Mazungumzo yakarukia nyonga mpya ya jirani wa ng'ambo ya barabara. Jelle alikata kipande cha keki, akakiangalia, akakirudisha sahanini. Kisha akainama mbele, akazungumza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Kumbe," akasema. "Nilidhani ni mimi."

Wessel akakoroga kahawa yake.

"Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri nisikie utanisema nini. Wewe ndiye ulikuwa mkali wetu, bwana. Nikajua ukitoa albamu, hata kwa tusi, nitakuwemo humo." Akacheka kidogo, pua ikiwa nyekundu. "Basi, haidhuru."

Akasimama, akaomba radhi kwa Mama kwamba watoto wanamsubiri bwawani, akazunguka duara zima akipeana mikono. Alipofika kwa Wessel alimpa mkono kama alivyompa kila mtu, akachukua koti. Upande wa kwanza ulikuwa haujaisha. Santuri iliendelea kumtukana mtu ambaye Wessel mwenyewe amekwisha kusema hayupo, na Mama akaongeza sauti, kwa sababu alikuwa anajivunia.