Mgomba wa Nyuma ya Choo

Kijiji kizima cha Mboghoni kilimwita Kasyoka Mwanafunzi, na hali ana wajukuu. Kusoma alijifunza kwenye darasa la gumbaru, arobaini imeshampita. Kushona alijifunza baada ya kufiwa na mume. Mwaka juzi alipanda pikipiki ya mwanawe Kituku, akaanguka nayo mferejini, akainuka akaipanda tena. Jirani yake Mumbe humtania, "Wewe hata mbinguni utauliza darasa liko wapi!"

Basi kampuni ya ndizi kutoka ng'ambo ilipokodi lile shamba kubwa lililokuwa la Mzungu wa mkonge, ikapiga hema na kutangaza mafunzo ya bure ya kilimo cha ndizi, nani alikaa kiti cha mbele? Mshamjua.

Mwalimu alikuwa Derrick, kijana wa Voi, mpole, na tusimnyime haki yake, alifundisha vizuri. Kila alichojifunza, Kasyoka aliwapelekea majirani jioni. Wale waliomwogopa Derrick walimwamini Kasyoka.

Siku moja akainua mkono. "Mwalimu, hii migomba yenu ikitoa watoto pembeni, naweza kumchimbulia Mumbe mmoja?"

"Hapana, mama. Watoto ni mali ya kampuni. Ukitaka kupanda tena, unanunua."

"Na ile yetu ya zamani?"

"Hiyo tunaitoa yote, ina magonjwa. Lori la kununua ndizi zenu halitaingia huku kukibaki hata mgomba mmoja wa zamani. Na tungependa wewe uanze, mama, watu wakuone."

Wakampigia makofi. Kasyoka akafunga daftari lake, na somo lilikuwa halijaisha.

Ngoja niwaambie kwa nini. Baba yake alitoka Ukambani akaja kukata mkonge kwenye shamba hilo hilo. Kambini, mfanyakazi aliruhusiwa kupanda maharagwe na mchicha, vitu vya msimu. Mgomba, marufuku. Mwenye maharagwe akishavuna hufukuzika. Mwenye mgomba hujiona amefika kwao. Mama yake aliupanda hata hivyo, nyuma ya choo. Mnyapara akaukata, ukachipua. Akaukata tena, ukachipua tena. Mzungu akarudi kwao, mnyapara akazeeka akafa, na mtoto wa mgomba ule ndio huu ulioko kwa Kasyoka. Nusu ya migomba ya majirani ilitokana na huo. Mumbe alipoolewa, zawadi yake ilikuwa mtoto mmoja wa mgomba huo.

Kasyoka akajipangia moyoni: nitaukata mbele yao, waridhike. Utachipua, kama ulivyomfanyia mnyapara.

Asubuhi ya kukata walikuja wengi kwa Kasyoka, kila mtu na panga lake. Kasyoka akainua la kwake. Ndipo Derrick akafungua mkoba, akavaa glavu, akatoa chupa na sindano nene kama ya kudungia ng'ombe.

"Ya nini hiyo, mwanangu?"

"Ni dawa, mama. Panga peke yake halitoshi. Ukishakata, tunadunga shina, dawa inashuka mpaka mizizini. Hapachipui kitu tena."

Alisema kwa upole ule ule wa darasani.

Kasyoka akaitazama ile sindano. Miaka yote hiyo alidhani anayejifunza ni yeye peke yake, kumbe na wenye shamba.

Akashusha panga. "Huu sikati. Na hutaudunga."

"Mama Kituku," jirani yake Muinde akaguna nyuma yake, "na lori letu je? Si ni wewe uliyetufundisha?"

Na ilikuwa kweli.

Derrick hakugombana naye. Alifunga utepe mwekundu kwenye shina, akalipiga picha kwa simu, akawaongoza watu kwenda shambani kwa Muinde. Punde mapanga yakaanza kusikika, na migomba ikawa inaanguka kwa kishindo kile kizito cha kitu kilichojaa maji. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyetania.

Kasyoka akachukua jembe. Akachimbua watoto wenye afya, akawafunika kwa gunia, akapita kando ya mfereji hadi mlangoni kwa Mumbe, kabla wale hawajafika huko.

"Mpande huyu," alinong'ona, akimtoa mmoja.

"Wapi, Kasyoka? Wataona."

"Nyuma ya choo."

Mumbe hakucheka. Alitazama barabarani kwanza, huku na huku, ndipo akanyoosha mkono.