Mwuza Maji wa Ain Zarrouk na Chama Chake cha Mtungi

Asubuhi ya Ain Zarrouk bado ina ubaridi, na moshi wa tanuri za mikate umelala juu ya mapaa. Mbarka Guesmi anachomoa mpira kwenye tangi la bluu lililojaa maji ya chemchemi, anaufunga mfuniko, kisha anapanda trekta inayolivuta. Injini inakohoa, inagoma, inakubali.

"Ina kiburi kama marehemu mume wangu," anasema. "Lakini mlima inapanda."

Mjane huyu wa miaka hamsini na minane anauza maji. Siku ikiwa njema anarudi nyumbani na dinari ishirini baada ya kutoa za mafuta. Trekta ikiugua, anarudi mikono mitupu.

Wapita njia wanamwamkia "Mheshimiwa." Wachache wanatania, wengi wanamaanisha. Mwanamke huyu aliongoza chama kidogo kuliko vyote vilivyowahi kuingia katika baraza la mji huu, na hadi leo watu wakikisimulia hushusha sauti.

Kilizaliwa kinyozini. Mtaa wa Kerma, ulio juu kabisa ya mji, haukuwa na bomba. Wakazi wake walinunua maji kwa Mbarka mwaka nenda, mwaka rudi. Kiangazi kimoja trekta iliharibika, na ilipopona, Mbarka alimkuta jirani yake Saluha, mzazi wa siku chache, akimwogesha mwanawe kwa maji yaliyooshewa vyombo.

"Hakunilaumu," Mbarka anakumbuka. "Alisema tu, 'Umerudi, dada? Alhamdulillahi.' Afadhali angenitukana."

Jioni hiyo alikwenda kwa Hechmi, kinyozi wa mtaa.

"Uchaguzi wa mabaraza unakuja," akamwambia. "Na sisi tuweke watu wetu, watuletee bomba."

Hechmi alibaki na wembe hewani. "Mbarka, una homa? Bomba likifika Kerma, maji utamuuzia nani? Punda?"

"Punda naye ana kiu. Malizia kumnyoa huyo mzee, tuzungumze."

Wakatafuta wagombea, wanawake kwa wanaume, kama sheria ilivyotaka. Alama yao ikawa mtungi. Vyama vikubwa, vyenye magari na vipaza sauti, vikawaita Chama cha Ndoo. Mbarka hakuwa na bango hata moja. Alifanya kampeni mlangoni kwa mtu, huku akimjazia mitungi: "Nipe kura yako, ndugu yangu, nisije tena kukupigia honi asubuhi."

Walipata kiti kimoja, chake. Viti vingine vyote viligawanyika sawasawa kati ya vyama viwili vikubwa, na kila kimoja kilitaka kutoa meya. Mji mzima ukamgeukia mwuza maji.

Upande mmoja ulimletea kondoo. Upande wa pili uliahidi kuikodi trekta yake maisha.

"Mimi nauza maji," aliwajibu wote. "Kura siuzi." Kondoo akarudishwa, akilia njia nzima.

Mbarka alitaka jambo moja: kila mgombea wa umeya apande Kerma kwa miguu, adhuhuri, aseme mbele ya watu kama ataleta bomba. Mmoja alimtuma msaidizi wake. Mwingine, mfamasia Moncef Jlassi, alifika amelowa jasho, akaomba maji. Saluha akampa glasi.

"Kunywa taratibu, bwana. Ndiyo yote tuliyo nayo leo."

Moncef aliirudisha ikiwa bado imejaa. Akaahidi, akapata kura, akawa meya.

Lakini mwaka uliofuata, bajeti ililetwa barazani bila bomba. Mbarka alikuwa bado anazungumza, peke yake, mlango ulipofunguliwa. Kerma ilikuwa inaingia. Vikongwe, vijana, kina mama na watoto mgongoni. Hechmi alikuwa hajavua aproni. Waliketi sakafuni, wakajaa korido, wakajaa ngazi mpaka barabarani. Hakuna aliyepiga kelele.

"Sijapata kuona kitu kama kile," anasema Moncef, ambaye siku hizi amerudi kwenye duka lake la dawa. "Ulikuwa unasikia mtoto akinyonya. Nilijaribu kusoma karatasi yangu nikashindwa. Nikasema bomba lirudishwe, tupige kura. Mkono ukanyanyuka, na mwingine, na mwingine, hata wa wapinzani wangu."

Siku maji yalipofika, bomba lilitema upepo, kisha tope, kisha maji meupe. Hakuna aliyekunywa kwanza. Walipitisha viganja chini yake, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaogusa kitu wasichokiamini.

Mbarka aliegesha trekta. Msimu ule alichuma zeituni za watu. "Nililia, sitaficha. Nusu furaha, nusu sikujua kesho nitakula nini."

Baadaye amri ilitoka mji mkuu, na mabaraza yote yakavunjwa. Chama cha Mtungi kikabaki bila kiti. Hata hivyo, kila Alhamisi watu wake bado wanakutana kwa Hechmi, wanapokea malalamiko, wanafukuzia mafundi, wanagombana, wanakula mkate na harisa, pilipili yao ya kusaga.

Trekta ya Mbarka sasa inavuka mlima hadi kijiji cha wafugaji ambako hakuna bomba wala tumaini la bomba. Anapofika, Dhekra, mama kijana mwenye ulimi mwepesi, amekwisha panga madumu yake.

"Shangazi, unachelewa kama serikali!"

"Nyamaza wewe, shika mpira."

Maji yanapotiririka, Mbarka anaeleza mpango wake. Mabaraza yakirudi, anataka orodha ya Mtungi iongozwe na mtu wa hapa, na mtu mwenyewe amekwisha mchagua. Dhekra anacheka, kisha anaona kwamba mwenzake hacheki.

"Mimi? Na bomba likija huku, shangazi, wewe utakwenda wapi?"

Mbarka anafunga koki, anafuta mikono kwenye gauni, anatazama vilima vinavyofuatana kuelekea mpakani.

"Nyuma ya vilima vile nako kuna watu," anasema, na kupanda trekta.