Kamera Juu ya Mkokoteni

Jambo hili nimelificha miaka mingi, lakini kwa kuwa Masanja kashaanza kulisimulia vilabuni na kuliongezea chumvi, afadhali mlisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika.

Ilikuwa enzi zile za ruksa, madukani kila kitu kimejaa, na mimi pale Kizwite nilikuwa na kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani. Nilikuwa nimetoka Mbeya kujifunza kwa wiki mbili (wiki mbili tu, ila mngenisikia nikiongea!), nikarudi na maneno mengi: picha ya mbali, ya nusu mwili, ya karibu, na ile iliyoniponza, picha ya kutembea, kamera inaposafiri mbele ya mtu huku ikimtazama.

Basi akaja Federika. Alikuwa anafunga ndoa kanisani Kaengesa, na bibi yake aliyemlea yuko Izia, miguu imekufa ganzi, hawezi kusafiri. "Kaka, mengine ukiyakosa sawa," akaniambia. "Bibi anataka kuona navishwa pete, basi." Nikamwambia asiwe na shaka, bibi ataona hadi jasho la bwana harusi.

Sasa, ningesimama tu ndani ya kanisa na stendi yangu ya miguu mitatu, yangeishia hapo. Lakini nikataka kwanza niwapige maharusi wakitembea kutoka getini hadi mlango wa kanisa, nami niko mbele yao juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Nikamwomba Masanja, jirani yetu Msukuma mwenye maksai wawili wapole. Nikajifunga kamba kiunoni, nikaikaza kwenye mkokoteni nisiyumbe, kisha nikamwambia Masanja abaki getini, maana miluzi yake ingeingia kwenye mkanda.

"Poa," akasema. "Pale mlangoni kuna majani, watasimama wenyewe. Ila usiwasemeshe."

Tukaanza vizuri. Sura ya Federika imejaa kwenye kioo, anatabasamu. Gurudumu likagonga jiwe, picha ikatikisika, nami kwa sauti ya upole kabisa nikasema, "Taratibu." Ng'ombe wakaongeza mwendo. "Taratibu jamani, taratibu!" Wakaanza kukimbia. Federika akawa nusu mwili, akawa mwili mzima, akawa kidoa cheupe, na mimi sijagusa kitufe hata kimoja, tukaupita mlango wa kanisa, tukaipita bustani ya masista, tukaingia shamba la ulezi, na Masanja anakuja mbio nyuma yetu kashikilia suruali, anapiga kelele, "Acha kumwita! Acha kumwita!"

Kumwita nani? Ng'ombe wa kulia. Jina lake Taratibu. Alipokuwa ndama alikuwa mvivu wa kutembea, wakamwita hivyo kwa kumtania, akakua akijua kwamba akisikia jina lake, avute.

Fundo nililolifunga mwenyewe halikufunguka mpaka maksai walipofika mtoni kunywa maji. Niliporudi kwa miguu, maharusi walikuwa wanatoka kanisani, pete iko kidoleni. Federika hakunigombeza. Alitazama kamera, akatazama suruali yangu yenye matope, akaanza kulia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku ya nne yake tukaenda Izia, maharusi na mimi, na televisheni na deki. Bibi akamwona mjukuu wake akitabasamu, kisha akipungua, akipungua, huku sauti yangu inalia "Taratibu!" Majirani waliojaa sebuleni wakacheka hadi machozi. Bibi hakucheka.

"Mbona anazidi kwenda mbali?" akauliza. "Mwiteni arudi."

Federika akaenda akakaa chini miguuni pake, akavua pete, akampa mumewe amvishe upya. Nami, kwa kutokoma, nikakimbilia begi la kamera.

"Wewe kijana," Bibi akasema bila kunitazama, "kaa. Hii naiona mwenyewe."

Nikakaa. Tangu siku hiyo kamera yangu haishuki kwenye stendi yake, na harusini nikitaka mtu apunguze mwendo, namwashiria kwa mkono tu.