Mshona Mipira Anayeiogopa Mvua Aliyoiombea

Saa mbili na robo asubuhi, Nthenya Muindi ameinama juu ya meza na sikio lake limegusa mpira. Anausikiliza, anauinua, anaubonyeza kwa vidole gumba viwili, kisha anahamia kwa wa pili. Mipira iko sita, imepangwa juu ya gunia, na yote ilijazwa upepo tangu Jumamosi. Leo ni Ijumaa.

"Huu wa tatu ndio umeninyima usingizi," anasema. "Jana niliona kama umelegea. Ama ni vidole vyangu viko na uoga, sijui."

Haujalegea. Anaubonyeza tena hata hivyo, mara nne, kama mama anayempapasa mtoto paji la uso na kukataa kuamini kwamba homa imeshuka.

Saa nne, Mwalimu Reuben anatarajiwa kufika katika karakana hii ndogo iliyo nyuma ya soko la Machakos. Yeye ndiye katibu wa michezo ya shule za eneo hili. Akiipenda mipira hii sita, ataagiza mingine sitini kwa mashindano ya Julai. Asipoipenda, mzee Gatimu, mwenye karakana, ameshasema atafunga mlango na kuuza mashine ya kukatia ngozi. Amesema mara moja tu, naye si mtu wa kurudia maneno.

Basi mama wa miaka arobaini na saba, aliyeshona mipira tangu 1983, ana saa mbili kasorobo za kungoja. Lakini hofu yake ya leo haiko kwenye mipira peke yake. Iko pia kwenye kiti kitupu kilicho karibu na dirisha.

Tuanze na mipira.

Gatimu alikuja Machakos kutoka Murang'a mwaka 1979 kuuza viatu. Shule zikaanza kumletea mipira iliyopasuka, kwa kuwa alikuwa na shazia, ile sindano nene ya ngozi, na uzi mgumu. Akaishona mingi hata akajiambia, kumbe hiki kitu hakina uchawi. Mwaka 1982 akatengeneza wa kwake wa kwanza.

"Weee! Ulikuwa kama yai," anakumbuka Gatimu, ambaye sasa ana miaka sitini na moja. "Ukiupiga uende golini, unaenda kanisani. Watu walinicheka mpaka nikacheka na mimi."

Ndipo akatafuta wanawake wanaosuka viondo. Aliona kwamba vidole vinavyoweza kuvuta katani siku nzima bila kulegea vitaweza pia ngozi. Nthenya alikuwa wa pili kuajiriwa, na mpaka leo namba yake ni mbili. Kila mshonaji hapa huandika namba yake kwa wino upande wa ndani wa ngozi kabla ya kuufunga mpira, ili ukirudi na kasoro upasuliwe na mwenyewe ajulikane.

Kufikia 1989 walikuwa wafanyakazi ishirini na sita. Mpira uliitwa Kiima, yaani kilima kwa Kikamba, na ulichezwa kuanzia Mwala hadi Konza. Nthenya alilipwa kwa kila mpira, na kwa malipo hayo alimsomesha Muli, mwanawe wa kwanza, mpaka kidato cha nne.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, mipira ya ng'ambo ikamwagika sokoni ikiwa na rangi za kung'aa na bei ya kutupa. Watu wa Kiima wakaanza kupungua, leo wawili, kesho watatu. Mwaka jana walibaki washonaji wanne. Nthenya sasa hupata shilingi themanini kwa mpira mmoja, na siku njema anamaliza mitatu.

"Wale wa ng'ambo hatuwawezi kwa bei," anasema. "Tunawaweza kwa kitu kimoja tu. Mpira wetu haupasuki."

Anaposema hivyo sauti inamshuka, kwa sababu Novemba iliyopita ilipasuka kumi na mmoja.

Siri ya mpira usiopasuka ni nta ya nyuki. Uzi wote wa karakana hupitia mikononi mwa Nthenya kwanza. Huuvuta juu ya donge la nta mpaka ule utelezi uingie ndani, maji yasipate pa kupenyea. Nta hiyo hutoka kwa kaka yake Nzau, mfugaji wa nyuki kule Mwala. Kwa miaka kumi na saba haikuwahi kukosekana.

Mwaka jana, 2000, ikakosekana. Ukame ulikuwa umekausha hata miti ambayo wazee hawakuwahi kuiona ikikauka. Agosti Nthenya alipokwenda Mwala, Nzau alimwonyesha mizinga kumi na minne mitupu.

"Nyuki wamehama, mwiitu wa mwaitu," alimwambia dada yake, akimwita binti wa mama kwa Kikamba. "Na sisi tungekuwa na mabawa tungehama."

Oda ya shule ilikuwa imeshafika. Nthenya aliporudi mjini hakumwambia mtu. Alipitia dukani akanunua mishumaa pakiti sita, akaiyeyusha nyumbani kwake, akaigandisha kwenye kopo lilelile la nta.

"Nikajiambia nta ni nta," anasema, akijishika shavu. "Aiya! Nilikuwa najua si kweli. Nta ya nyuki inashika uzi. Ile ya mshumaa ikikauka inabanduka kama chaki. Lakini niliogopa kumwambia mzee hakuna nta. Kwake, kusema hakuna nta ni kama kusema hakuna kazi."

Jua lilipokuwa linawaka, mipira ilichezeka vizuri. Mvua ya Novemba iliponyesha, watu wakiimba makanisani kwa furaha, nyuzi zikanywa maji, zikaoza, zikakatika. Mwalimu Reuben akarudisha mipira kumi na mmoja ndani ya gunia, akaimwaga hapo mlangoni bila hata kusalimia.

Gatimu alichukua wembe, akaipasua mmoja baada ya mwingine mbele ya wote. Namba saba. Namba saba. Namba tatu. Namba saba. Kati ya kumi na mmoja, minane ilikuwa na namba saba, na namba saba alikuwa Laban, kijana wa watu, baba wa watoto wawili, mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Mwezi ule ndiye aliyekuwa ameshona mingi zaidi, ndiyo maana iliyorudi mingi ikawa yake.

"Mimi navuta uzi vile navutanga siku zote," Laban alijitetea.

"Basi siku zote umekuwa ukivuta vibaya," Gatimu akamjibu.

Laban alitundika kibano chake cha mbao ukutani, kile ambacho mshonaji hukibana kwa magoti ili kushika ngozi, akaenda zake, kiti chake cha dirishani kikabaki kitupu. Nthenya alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, kopo likiwa miguuni mwake.

"Nilinyamaza siku kumi na tisa," anasema. "Nimezihesabu. Kanisani mhubiri akisema neno lolote, hata la sadaka, naona ni mimi anaambia."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Siku ya ishirini alilichukua lile kopo, akaliweka mezani mbele ya Gatimu na kumweleza kila kitu. Alitegemea kufukuzwa. Badala yake mzee alisema jambo lililomuumiza kuliko kufukuzwa.

"Barua imeshaenda kwa Mwalimu. Nilimwandikia kwamba aliyeharibu tumemtoa. Sasa nikamwambie tulidanganya? Acha hii maneno ilale, Mama Muli."

Ikalala miezi minne. Laban anabeba mchanga wa ujenzi huko Mutituni. Hapa mjini kila anayemjua anajua ndiye aliyeharibu mipira ya shule.

Nthenya alimsimulia mwandishi wa makala hii haya yote jana Alhamisi, kisha akamshika mkono. "Usiandike bado," alisema. "Kwanza niseme mwenyewe."

Asubuhi ya leo Gatimu ni kama ameyanusa. Anaingia, anaitazama mipira sita, anamtazama mshonaji wake wa miaka kumi na minane.

"Mama Muli, leo tafadhali. Funga mdomo vile unafunga mpira."

"Nimesikia, mzee," Nthenya anajibu. Hasemi kama amekubali.

Saa nne na dakika kumi Mwalimu Reuben anaingia na filimbi shingoni. Anasalimia, anakataa chai. Anaupima kila mpira kwenye mizani aliyokuja nayo. Anaudundisha sakafuni, anautazama unavyopanda. Anautumbukiza mmoja kwenye ndoo ya maji na kuushikilia chini kwa mikono miwili, macho yote yakiwa juu ya maji. Hakuna povu. Nthenya anashikilia ukingo wa meza mpaka kucha zinabadilika rangi.

"Hii ni nta ya wapi?" Mwalimu anauliza akinusa ushonaji.

"Ya kaka yangu, Mwala. Nyuki walirudi baada ya mvua," Nthenya anamjibu.

Mwalimu anatikisa kichwa kuridhika. Anatoa fomu ya oda, anaikunjua mezani, anafungua kalamu. Kisha, bila kuinua uso, anauliza swali dogo la mtu anayetaka tu kumaliza mambo.

"Na yule wa namba saba alienda kabisa, sivyo? Sitaki kusikia amerudi."

Gatimu anatazama viatu vyake. Kalamu imeshagusa karatasi.

"Mwalimu, si yeye," Nthenya anasema. "Ni mimi. Nilipaka uzi mshumaa, nta ilikosekana na nikaogopa kusema. Laban alishona vizuri. Uzi niliompa ndio ulikuwa mbaya."

Mwalimu anamtazama yeye, kisha Gatimu, kisha mipira sita.

"Kwa hivyo mliniandikia uongo," anamwambia Gatimu.

"Nilikuandikia niliyojua siku hiyo," Gatimu anajibu polepole. "Nilipojua ukweli, nikanyamaza. Hilo ni langu."

Mwalimu anaifunga kalamu. Karatasi anaikunja mara mbili na kuirudisha mfukoni bila sahihi. Halafu anachagua mipira miwili, mmoja kila kwapa.

"Hii naenda nayo. Watoto wataicheza kwenye matope mpaka shule zifungwe Aprili. Ikisimama, mtaniona. Ikipasuka, msinitafute. Maneno yenu nimesikia mengi, sasa nangoja mvua iniambie."

Anaondoka. Gatimu anafoka.

"Umeuza duka langu kwa dakika moja, mama! Dakika moja!"

Nthenya anafuta machozi kwa ncha ya leso na kuketi. Gatimu anazunguka huku na huku, anasogeza kitu hiki, anarudisha kile. Mwishowe anasimama mbele ya ukuta na kukitungua kibano cha Laban. Anakipangusa vumbi la miezi minne kwa mkono wa koti lake, anakiweka juu ya kile kiti kitupu.

"Mwambie Jumatatu saa mbili," anasema akiwa amempa mgongo. "Na yale maneno ya kumwomba msamaha nitasema mimi, usiniharakishe."

Nthenya ana mpango wake tayari. Kesho Jumamosi atakwenda Mutituni, aketi mbele ya Laban na mkewe, ayaseme yale aliyoyasema leo. Akikubaliwa, sawa. Akifukuzwa, atarudi Jumapili baada ya ibada. Baada ya hapo atangoja pamoja na wenzake kujua kama wana kazi au hawana.

Nje mbingu imefunga upande wa milima ya Iveti. Shamba lake ameshalilima, mbegu ziko kwenye kibuyu, na kwa miaka miwili hajamaliza sala yoyote bila kuomba wingu kama hili. Tone la kwanza linagonga bati. La pili. Gatimu anainua uso, Nthenya naye, na wote wawili wanaitazama ile mipira minne iliyobaki.

"Mwaitu, mama wee," anasema Nthenya, mkono kifuani. "Moyo unanienda mbio."

Mvua inaongezeka mpaka inabidi apaze sauti ndipo asikike.

"Wacha inyeshe!" anasema. "Inyeshe tu. Mahindi nayo yamengoja."