Uso wa Onorabo Chini ya Bido

Harufu ya kitenge kipya, ile ya wanga na rangi, hunirudisha hadi leo kwenye mtaa wetu wa Goma, msimu wa kampeni nilipokuwa darasa la nne. Mbunge wetu wa jimbo, ambaye kila mtu alimwita Onorabo, alikuwa akitafuta muhula mwingine. Aligawa vitenge vyenye picha yake, na uso huo ukawa unatabasamu kwenye viuno vya wanawake wote wa mtaa. Mama alikipokea chake, lakini hakukivaa. Shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, alipita kumwonya: atakayefika mkutanoni bila kitenge, nafasi yake sokoni atapewa mwingine. Nafasi hiyo, meza ya ndizi na maharage, ndiyo iliyotulisha.

Mkutano ulifanyika mbele ya robine, bomba la maji la mtaa, ambayo Onorabo aliijenga katika kampeni iliyotangulia. Ilikuwa robine nzuri ya rangi ya buluu, na haikuwahi kutoa hata tone. Alikuwa anakuja kuizindua tena. Asubuhi hiyo mimi na mama tulipanda kutoka ziwani juu ya mawe meusi ya volkano, na mama hakupita nyumbani. Aliingia katikati ya nyimbo akiwa na bido, dumu letu la maji, kichwani.

"Mama, kitenge yangu iko wapi?" Onorabo aliuliza kwenye kipaza sauti, akicheka.

"Iko hapa, Onorabo." Mama alitua bido, akatoa ngata kichwani, akaikunjua. Uso ukatokea, umekunjamana, unachuruzika maji. "Toka ku ziwa nakubeba."

"Ameloa, masikini!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Hiyo ndiyo maji yake ya kwanza hapa!" Kipaza sauti hakikusikika tena kwa vicheko.

Kesho yake meza alipewa mwingine. Mama akatandaza bidhaa zake juu ya mawe, mlangoni petu, na wateja wakamfuata, wengine makusudi kabisa, wakipita mbele ya shefu na vikapu vyao wazi.

Onorabo alichaguliwa, kisha akachaguliwa tena na tena. Nywele zake zimekuwa nyeupe hata kwenye vitenge, na robine imepakwa rangi mara nyingi kuliko nyumba yoyote ya mtaa. Mimi sasa nina watoto, na bado nateka ziwani. Msimu huu shefu mpya ameniletea kitenge, pamoja na onyo lile lile. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakinusa, kisha nikakisokota kuwa ngata mbele ya macho yake.