Sentensi za Mama Yake Bisada

Mualimu Bisada, kipofu aliyeongoza nyimbo za kanisa lao karibu na Naqada, kusini mwa Misri, kwa miaka arobaini, alikuwa mkali hasa. Hata padri alimwogopa. Kijiji kizima kilizungumza Kiarabu; Kikopti, lugha ya kale ya Wakristo wa huko, kilikuwa cha ibada tu, na hicho nacho cha lahaja ya kaskazini. Lakini nyumbani kwa kina Bisada, mama yao mfumaji aliwagombeza watu kwa Kikopti cha kwao wenyewe. Mama alishakufa zamani; na Mahrusa, dada yake Bisada, alipofariki Kwaresima iliyopita, mzee akabaki hana wa kumjibu kwa Kikopti hicho. Jamani, upweke ule!

Kwa hiyo Fawzi Efendi, mwalimu wa shule na shemasi, alipokuja na daftari akitaka kuyaandika maneno ya yule mama, Bisada alikubali palepale. Aliogopa kufa nayo.

Mama alikuwa na namna yake. Alitanguliza mambo, mwenye mambo akamweka mkiani. "Karudi shambani, ana njaa, mkate wote ataumaliza, baba yenu huyu!" Watoto waliacha kutafuna, wakisubiri kujua leo anasemwa nani. Bisada alisimulia asubuhi nzima, na kila sentensi ilimrudisha chini ya mtambo wa kufumia, miguuni pa mama. Ah, raha iliyoje!

"Haya, nisomee," akasema.

Fawzi akasoma kwa madaha: "Baba yenu amerudi shambani. Ana njaa. Ataumaliza mkate wote."

"Nani huyo anayesema?"

"Si mama yako, Mualimu?"

"Mama yangu wapi! Huyo karani wa Kairo!"

"Nimezinyoosha kidogo tu. Kitabu cha sarufi—"

"Kitabu ndicho kilichonizaa? Nimekupa mama yangu asubuhi, Efendi, mchana unanirudishia mgeni!"

Fawzi aliona haya, akashika kalamu afute. Bisada akalisukuma daftari kando.

"Acha. Mkono wako una kiherehere. Lete goti."

Akamfundisha kama alivyofundisha nyimbo, akimpigia mapigo gotini, sentensi baada ya sentensi. Fawzi akimtanguliza baba, kofi. Akiharakisha, kofi. Mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye tarbushi yake, alitokwa jasho. Chakula cha mchana kikapoa uani. Mwishowe uvumilivu ukamwisha, akafoka kwa Kikopti kilekile:

"Kanikalisha tangu asubuhi, goti kalivimbisha, kwa njaa ataniua, Mualimu huyu!"

Mkono wa mzee ukasimama hewani. Sentensi ile mama hakuwahi kuisema. Hakuna aliyewahi kuisema. Machozi yakamtoka, wala hakujisumbua kuyafuta.

"Njoo ule, mwanangu," akasema. "Halafu unigombeze tena."