Sekunde Arobaini na Nane za Vitus

Nianze na hasira yangu, maana ndiyo iliyonishikisha kalamu. Kuna bendi moja Uholanzi ambayo kwa miaka thelathini imekuwa ikifungua maonyesho yake kwa kilio cha dada yangu. Si kilio cha kuigiza. Ni kile chenyewe alicholia juu ya kaburi la mwanawe wa miezi mitatu, kijijini kwetu Idodi, mwezi wa Machi mwaka 1993. Wanakitoa kwenye spika kubwa kuliko nyumba tulimozaliwa, watu wanashangilia, kisha magitaa yanaingia.

Dada yangu anaitwa Apolonia, na ana miaka hamsini na sita. Hajawahi kupanda jukwaa lolote. Hata kwaya ya kigango aliikataa, akisema sauti yake inafaa kufukuzia nyani shambani. Analima mpunga na mahindi, ana watoto wanne walio hai, wajukuu saba, na ugomvi wa kila mwaka na tembo wanaovuka kutoka hifadhini kuja kula jasho lake. Mumewe, Sosthenes, tulimzika miaka minane iliyopita. Dada ni mtu wa kusema kidogo na kukumbuka sana. Msemaji ni mimi, Juliana, mdogo wake, mwalimu wa Kiingereza Mbeya mjini, na wanafunzi wangu watakuambia sina mdomo wa sukari.

Mwaka 2024, mwezi wa tano, dada alikuja kwangu kutolewa mtoto wa jicho. Kabla ya kurudi alikuwa na agizo moja la jumuiya: anunue spika ya kigango. Nikampeleka sokoni Mwanjelwa kwa Farhan, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyerithi duka kwa baba yake, mtu wa asili ya Tanga. Farhan ana heshima zake, Ijumaa utamkuta na kanzu safi, lakini siku nyingine zote huvaa fulana nyeusi zenye mafuvu. Nilikuwa nikimtania kwamba siku moja imamu atamkimbia.

"Spika ukitaka kuijua, mama, usiipigie kwaya," alimwambia dada. "Kwaya itakudanganya. Ipigie chuma."

"Chuma gani tena?" nikauliza.

"Deth metal, madam. Muziki wa kifo. Hii haifichi kitu."

Akabonyeza simu yake. Kukawa na upepo kidogo, kisha mwanamke akaanza kulia. Farhan akapandisha sauti. "Sikilizeni hapa," alisema, "hapa ndipo huwa nasisimka mwili mzima." Mimi nilikuwa nasoma bei. Dada alikuwa ameketi juu ya boksi la feni, jicho moja limefungwa bandeji. Akasimama.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Mama?"

"Huyo analia ni mimi. Anamwita Vitus wangu. Zima hiyo kitu, mwanangu. Zima!"

Farhan akazima. Nami nilikuwa nimeshasikia, kwa Kihehe chetu, wazi kabisa: Vitus mwanangu, maziwa haya nimpe nani? Farhan alikuwa amesikiliza maneno hayo tangu akiwa sekondari. Alijitetea kwamba mitandaoni huwa wanaandika ni mganga anaita mizimu.

"Na wewe ukaamini? Wewe si Mtanzania?"

"Kihehe mimi sikijui, madam. Wallahi sikujua."

Nilimtukana pale dukani mwake, mbele ya wateja wake. Dada alikuwa ameshatoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, mkono wake umekamata titi, kama mama anayenyonyesha aliyechelewa kurudi nyumbani. Spika hatukununua.

Tulijua mara moja ni nani aliyekitoa kilio kile, na wapi. Mwaka ule Idodi kulikuwa na mradi wa visima, na kijana wa Kiholanzi aitwaye Geert. Alikaa nasi miaka miwili, akila kwa dada yangu ugali na mlenda hadi akajifunza kuomba chumvi kwa Kihehe. Alikuwa na mashine ya kurekodia, akirekodi kila kitu: kwaya, ngoma, hata mvua juu ya bati. Vitus alipozaliwa, mama yake Geert alimfumia sweta la njano akalituma kwa posta. Sosthenes alifurahi mno, akawa anamwita yule mama bibi wa Ulaya.

Vitus akashikwa na homa. Zahanati wakasema dawa hamna, mkimbizeni Iringa. Gari kijijini lilikuwa moja tu, la mradi, na asubuhi ile Geert alikuwa ameondoka nalo kwenda Iringa kununua betri za mashine yake. Basi wakapanda baiskeli, Sosthenes akiendesha, dada nyuma na mtoto kifuani. Nusu ya njia hawakufika. Jioni Geert aliwakuta wamekaa kando ya barabara, mtoto ameshapoa, akawarudisha nyumbani kwa gari lile lile. Alilia njia nzima. Hakuna aliyemlaumu. Angejuaje?

Mtoto mchanga kwetu hazikwi na umati. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wengi wanawake, na Geert akiwamo. Alimwendea Sosthenes na mashine yake akaomba ruhusa. Sasa sikia kosa letu, maana na sisi tulikosea. Kwetu mtu wa mbali aliyekosa mazishi naye hana budi kulia. Akija hata baada ya mwaka, anaanzia kaburini, analia, ndipo anapewa maji ya kunywa. Sosthenes akadhani Geert anataka kumbebea msiba mama yake, yule aliyefuma sweta, ambalo ndilo tulilomzika nalo mtoto. "Chukua," alimwambia. "Mpelekee mama yako naye alie." Ndiyo maana dada hakujizuia. Alimlilia Vitus kwa niaba ya bibi yake wa Ulaya pia.

Siku ya tatu marehemu bibi yetu alianua matanga. Alifagia uwanja wote, akazoa majivu ya moto wa msiba, akayamwaga nje ya boma, akasema: "Basi. Mtoto amefika. Asiitwe tena." Tukanyamaza. Dada yangu amenyamaza miaka thelathini na moja.

Wao hawakunyamaza. Farhan, kwa aibu, alinikusanyia historia yote ya bendi hiyo, nami nikaisoma kama ninasahihisha mtihani wa mwizi. Inaitwa Turfgraf, yaani kaburi la udongo wa kinamasi. Waliianzisha mwaka 1990 ndani ya zizi la ng'ombe, vijana wanne wenye nywele ndefu na afya njema. Mwimbaji ni Harm, mdogo wake Geert, ambaye haimbi bali ananguruma, utadhani simtank tupu la maji linaburutwa kwenye kokoto. Waliimba maiti, waliimba funza, waliimba jeneza, na kwa hesabu yangu hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameshazika mtu. Kaseti yao ya kwanza haikupata mnunuzi nje ya kijiji chao.

Geert akarudi na kanda zake. Harm akachagua moja. Mwaka 1994 wakatoa albamu waliyoiita Udongo Mbichi, ikianza na dada yangu, sekunde arobaini na nane. Jarida moja likaandika kwamba hakuna bendi iliyowahi kukikaribia kifo namna ile. Wamekikaribia! Wakaenda Ujerumani, wakaenda Poland, wakaenda hadi Japani, na kila mlango walifunguliwa na mwanamke wa Idodi. Mwaka 1997 mpiga ngoma aliacha akauze matrekta. Mwaka 2001 wakagombana wakavunjika. Geert akafa kwa saratani mwaka 2010, na nilipolisoma hilo nilimkasirikia hata kwa kufa, maana nilikuwa na maswali naye. Mwaka 2013 wakarudi tena, vipara vitupu, wakakuta wana mashabiki waliozaliwa baada ya Vitus.

Nyuma ya albamu wameshukuru kila mtu. Yumo dereva wa gari lao, yumo mama mwenye zizi, yumo mbwa aliyelinda zizi, kwa jina lake. Dada yangu ameandikwa hivi: Sauti, Afrika.

Mwezi wa nane wa mwaka ule wa 2024 walikuwa na tamasha kubwa la kutimiza miaka thelathini ya albamu hiyo. Niliwaandikia barua ya kurasa tatu. Dada akaniambia nisome kwa Kiswahili, nikasoma, akaniambia mbili nichane.

"Una matusi mengi, Juliana. Mimi nataka kitu kimoja. Waambie waache kumwita. Matanga yalishaanuliwa."

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, yamejaa adabu. Wamesikitika mno. Wangependa kuandika jina lake kwenye toleo jipya. Wangependa hata kumkaribisha jukwaani siku ya tamasha. Jukwaani! Akafanye nini, azike tena? Ila kukiondoa kilio, waliandika, ni jambo gumu, kwa kuwa kilio kile ndicho bendi yenyewe. Mstari ule niliusoma nikiwa nimesimama mbele ya darasa, nikalazimika kuwapa wanafunzi zoezi ili nitoke nje.

Farhan ndiye aliyetuunganisha na Harm kwa video, asubuhi, dukani kwake, mlango ameufunga. Akatokea mzee mwenye kipara na miwani, nyuma yake maua dirishani. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumkata maini. Dada akanitangulia.

"Kamwene, mdogo wangu," akamsalimu. Geert kwake alikuwa kama kaka, kwa hiyo Harm ni mdogo wake. Salamu ile iliniuma kuitafsiri.

Harm alikuwa mwekundu uso mzima. Akasema Geert hakuwahi kumweleza ni nani anayelia, naye hakuuliza. Akasema amesikitika. Akauliza jina la mtoto linaandikwaje, na kama tunayo picha. Dada alimwacha amalize.

"Mama yako alilia?"

Nikatafsiri. Hakuelewa. Nikamweleza habari ya sweta, na msiba aliopewa Geert aupeleke. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mama hakuwahi kusikiliza muziki wetu," akasema. "Haupendi."

"Mimi siulizi muziki. Naulizia msiba. Kaka yako alipewa msiba ampe mama yake."

Harm akatikisa kichwa. Mama yao yupo, ana miaka tisini na moja, na tangu siku ile hakuna aliyemwambia kwamba yule mtoto wa sweta alikufa. Nilimwona dada akikunja pindo la khanga, akilikunja tena. Sikumbuki kumchukia mtu namna nilivyomchukia yule mzee na maua yake.

"Basi muache," dada akasema. "Bibi yetu alishafunga. Asiitwe tena."

Harm akaapa. Akasema kwenye tamasha, mahali pa kile kilio, pataachwa kimya, sekunde zile zile arobaini na nane. Na lazima niseme haki: alitimiza.

Nilikuwa likizo Idodi siku hiyo. Huku ilikuwa saa kumi jioni, kuku wanazunguka miguuni, simu nimeiegemeza kwenye sufuria juu ya ndoo. Jicho la dada lilikuwa limepona, na alikuwa amevaa kitenge cha kwendea kanisani. Tuliona uwanja umejaa watu wenye fulana nyeusi hadi kule mwisho kwenye miti. Harm akapanda, akasema maneno machache kwa lugha yao, akainamisha kichwa. Kukawa kimya.

Nilikuwa nahesabu. Nilifika sita.

Mtu mmoja wa mbele akalia. Akadakia wa pili. Kisha uwanja mzima, wanaume wenye midevu, wasichana, wazee wa kipara, wakalia kilio cha dada yangu kwa Kihehe, neno kwa neno, wamekihifadhi tangu utoto wao. Vitus mwanangu, maziwa haya nimpe nani? Walijua anapovuta pumzi. Walijua sauti inapokatika. Harm alinyanyua mikono miwili kuwanyamazisha, nao wakadhani anawachochea, wakazidisha.

Nilitukana matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Nilitaka kuipiga simu ile chini. Dada alinishika mkono, akaangalia hadi mwisho, hadi magitaa yalipoingia, ndipo akaniambia nizime.

"Wapo wangapi pale?"

"Wanasema elfu nane."

"Siku ile tulikuwa kumi na mmoja," akasema.

Na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani amefarijika. "Labda dada, tuseme tu wamekuja kumlilia. Mtoto amepata watu..."

"Usinibembeleze kama mtoto, Juliana." Sijawahi kumsikia akipandisha sauti namna ile, tangu kaburini. "Mtu akija msibani, kabla hajalia, si anauliza? Si anakaa chini anauliza, jamani, marehemu ameugua nini? Hawa wanalia miaka thelathini. Wamelia Japani. Hata yule mdogo wake Geert, kaniuliza jina, kaniuliza picha. Nani kauliza mtoto alikufa na nini?"

Aliinuka, akajifunga khanga juu ya kitenge chake cha kanisani, akachukua fagio. Akaanza kufagia uwanja kutokea mlangoni, vile vile alivyofagia bibi, kuku wakimpisha. Alipofika jikoni akazoa majivu yote kwenye ungo wa zamani.

"Wangeuliza," nikamwambia, "ungewajibu nini?"

Alikuwa ameshafika ukingoni mwa boma, ungo ameuinamisha, majivu yanamwagika.

"Betri," akasema.